Ubeti wa Kujazia Santuri

Watu wanaupenda ule wimbo, na nitaanza kwa kusema kweli: ni wimbo mzuri. Una sauti ya kijiko kinachogongwa kwenye kikombe, una mwanamume anayeigiza sauti ya kikongwe, una gitaa linalochechemea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mtoto anayelia akiusikia hunyamaza. Nimewaona wazee wenye tasbihi mkononi wakitikisa kichwa bila kujijua. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nauchukia kwa kuwa sijui muziki. Nauchukia hali najua ni mzuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana ungekuwa mbaya ungekufa mwaka uleule.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Nina mazoea ya kuandika mambo ya siku yangu kila nikimaliza kazi za nyumbani, lakini kuandika kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho, sijapata. Nikipinda njia msomaji anivumilie. Naandika kwa sababu kila anayeuimba anadhani ulizaliwa Dar es Salaam, kwenye bendi ya dansi. Haukuzaliwa huko. Ulizaliwa chumbani kwa shangazi yangu, hapa Bagamoyo, siku alipotolewa eda, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kanga ya kumfutia maji.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akaoa tena akahamia mashambani Makurunge, mimi nikabaki mjini kwa dada yake. Shangazi hakujaliwa kuzaa. Kazi yake ilikuwa usomo. Msichana akivunja ungo mama yake alimleta kwa shangazi, naye akamfunda: usafi, adabu, kukaa na mume, na kukaa na mama mkwe, ambako yeye alisema ndiko kugumu kuliko yote. Siku ya harusi somo ndiye anayemshika mwali mkono na kumpeleka kwa mumewe. Asubuhi yake ndiye anayetoka na habari, vigelegele vikapigwa. Somo asiyempeleka mwali wake ni kama mpishi aliyepika pilau, akafukuzwa kabla ya kupakua. Hana alichofanya, hata kama chote kakifanya yeye.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake duniani. Hakuwa na minazi, hakuwa na mtoto. Alikuwa na wanawake wazima, wengine na watoto mgongoni, waliosimama njiani kumwamkia, kwa sababu yeye ndiye aliyewapeleka. Naomba msomaji ashike hilo, kwa kuwa ndilo lililochukuliwa.

Mumewe alikuwa nyapara wa vibarua wa barabara ya kwenda Lugoba. Alikuwa akikaa huko wiki nzima, akirudi nyumbani amevaa koti lake la kaki, zito, la mvua, lenye vifungo vya shaba. Likitundikwa kwenye msumari chumbani lilikuwa na umbo lake kabisa, mabega na tumbo. Alikufa kwa homa masika moja. Koti likabaki kwenye msumari, shangazi akaingia eda.

Sasa niseme habari za mtani wetu.

Alikuwa bibi wa Kinyamwezi, muuza mihogo ya kuchoma karibu na soko. Babu yake alikuja pwani na mzigo kichwani enzi za misafara, asirudi. Yeye alizaliwa hapahapa, Kiswahili chake ni hiki chetu, ila utani baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani haujui nani kazaliwa wapi. Yeye na shangazi walikuwa wa rika moja, na hawakuwahi kuamkiana kama watu. Asubuhi alikuwa akisimama uani na kupaza sauti:

"Mvivu wa pwani wewe! Hujafa tu?"

"Nife nani atakulisha, mpagazi mkubwa? Ondoa miguu yako ya pori kwenye jamvi langu."

"Jamvi gani, hili gunia? Sisi kwetu mbuzi hawalilalii."

Kisha anafunua chungu na kuchota bila kuuliza, maana hiyo ni haki ya mtani, na shangazi anamkemea huku akimsogezea chumvi. Nimeishi na ndugu wa damu ambao hawakupendana hivyo.

Wakati wa eda alikuja kila siku. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo mimi nilikuwa nimelificha. Asubuhi, shangazi akimimina chai, mikono yake ilijaza vikombe viwili. Kimoja alikiweka mbele yake, kimoja akakiweka kwenye kigoda, chini ya koti. Hakuwa amerukwa na akili. Ilikuwa mikono tu, imezoea. Akishatambua aliinamisha uso, nami nikakichukua kile cha pili, nikairudisha chai kwenye birika. Siku moja mtani aliwahi mno akatukuta. Aliangalia kikombe, akaangalia koti, akageuka akaenda zake bila tusi hata moja. Shangazi akaniambia, "Yule leo anaumwa."

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, wakamwosha, wakamvika kanga mpya, wakafukiza udi. Kwetu siku hiyo mtani ana nafasi yake: lazima amchekeshe mjane, asije akatoka nje na uso wa matanga. Tukamngoja. Tulimwona akitokea chumba cha pili amelivaa lile koti, kola imesimama mpaka masikioni, mikono imemzidi, akitembea kwa kujitanua kama nyapara anayekagua vibarua. Akajibwaga pembeni ya shangazi. Kwa sauti nzito akaanza:

Koti limeamka asubuhi, koti lataka chai,
Limejinyoosha ukutani, koti lataka chai,
Ukichelewa litanuna, koti lataka chai.

Mimi nilitaka kumrukia. Kisha nikasikia sauti kutoka kwa shangazi, ikaanza kama kikohozi, ikapanda, na kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamwagika juu ya kanga mpya.

"Mwanaharamu wewe! Vua koti la mume wangu!"

"Mumeo ndiye aliyenivisha. Anasema siku hizi chai yako haina tangawizi."

"Mwongo! Yeye alikuwa hanywi tangawizi!"

"Basi huko aliko ameanza."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini. Na toka kesho yake mikono ya shangazi ikajaza kikombe kimoja. Naandika hili kwa sababu nataka kuwa mwadilifu. Wimbo ule ulikuwa dawa. Aliyeutunga alimjua mgonjwa, akajua na kipimo.

Lakini utani una ukuta, na ndani ya ukuta huo ndimo ulimo usalama wake. Neno analoniambia mtani wangu usoni pangu halinidhuru, kwa kuwa nami nitamrudishia. Neno hilohilo akilichukua mtu asiye mtani wangu, akalisema njiani, hilo ni tusi tupu. Mtu yeyote wa hapa analijua hilo tangu utotoni, halina haja ya kufundishwa. Ndiyo maana mpaka leo nashindwa kuelewa lilivyosahaulika kirahisi.

Bibi yule alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mpiga gitaa kwenye bendi ya dansi Dar es Salaam. Alikuja kumsalimia mama yake, akamkuta anageuza mihogo huku anauimba wimbo wa koti. Akauliza ni wa nani. Mama akamweleza kisa chote, kikombe na kigoda na msumari, akamfundisha na maneno. Akamfundisha kwa fahari, mwenyewe alisema hivyo. Na fikira yake ilikuwa hii: mwanangu naye ni mtani wao, kwa hiyo wimbo hautoki nyumbani. Hapo ndipo alipokosea. Alimfikiria mwanawe, hakuwafikiria watakaomsikiliza mwanawe.

Santuri ilipofika Bagamoyo sisi hatukuwa na habari. Palikuwa na mkahawa mmoja karibu na maduka ya Wahindi, mwenyewe ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, huiweka barazani watu wanywe kahawa wakisikiliza. Tulikuwa tunarudi kumtazama mgonjwa, shangazi mbele, mimi nyuma yake. Kijiko kikagongwa kwenye kikombe, gitaa likaingia. Shangazi alisimama. Nami niseme kweli tena: alitabasamu. Akanigeukia.

"We, huu si ule wetu?"

"Ndio wenyewe, shangazi."

"Mpumbavu yule, kautia vinanda!"

Akasimama kuusikiliza kama mtu aliyemkuta mtoto wa jirani kavishwa nguo nzuri. Ikapita ile ya koti kuamka, ikapita ile ya koti kununa. Kisha kikaja kipande ambacho hatujapata kukisikia, kikaimbwa na yule mwanamume anayejifanya kikongwe, kwa sauti ya puani:

Bibi yule wa Bagamoyo afunda wana wa watu,
Awafunda kukaa na waume, mumewe koti bovu.

Pale mkahawani walicheka. Wengi hawakuwa wamemwona amesimama pale, hilo nalo ni haki kulisema. Mmoja alimwona, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, mwenzake akageuka, na kicheko kikapita barazani kutoka mtu hadi mtu. Shangazi akarekebisha buibui lake, akaendelea na safari. Hakuharakisha mwendo. Nyumbani aliniuliza swali moja tu.

"Wamesema Bagamoyo, au nimesikia vibaya?"

"Wamesema, shangazi."

Kulikuwa na masomo wengine mjini, lakini hakukuwa na mwingine ambaye koti la mumewe lilijulikana na wanawake waliojaa chumba. Kisa kilishajulikana majikoni; santuri ikakipeleka barazani.

Watoto walianza. Watoto siwalaumu, wao wanaimba kila kinachoimbika. Nawalaumu vijana wa mkahawani, na nitawalaumu mpaka nife. Wao hawakusema kitu. Shangazi akipita, mmoja anagonga kijiko kwenye kikombe: ting, ting, ting. Wa pili naye anagonga. Ukigeuka unawakuta wanakoroga sukari kwa makini, macho chini, watoto wa watu wenye heshima zao. Utamshitaki nani, na kwa kosa gani? Kwamba amekoroga kahawa? Na kahawa ile hainywewi kwa sukari wala haikorogwi kwa kijiko! Vijiko waliomba makusudi, na mwenye mkahawa akawapa. Nilimwendea mwenye mkahawa nikamwambia. Mzee mzima, hakunitukana, akanijibu taratibu.

"Mwanangu, ni utani tu. Ukikasirikia utani umeshindwa."

"Wewe ni mtani wetu, mzee?"

"Mimi? Mimi mtu wa hapahapa kama ninyi."

"Basi huo utani wako umeupata wapi?"

Akacheka, akanipa kashata. Niliiacha palepale juu ya meza. Baadaye nilijiuliza kama nilikosa adabu. Labda nilikosa. Ningeiacha tena.

Neno hilo, utani tu, lilizunguka kila nilikokwenda. Lilimfunga shangazi mdomo. Yeye aliuheshimu utani kuliko wao wote, na kanuni ya utani ni kwamba hukasiriki. Angeonyesha hasira, angekuwa amevunja ule ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo akanyamaza, na hasira yote nikaibeba mimi, ambaye sikutukanwa.

Kisha wanawake wakapunguza kuleta wanawali. Hakuna aliyekuja kusema sababu. Mmoja alisema binti yake atafundwa na mama mdogo, mwingine kwamba wanahamia Vigwaza, na kweli walihamia, kwa hiyo huyo nimtoe. Wa tatu hakusema kitu. Tulisikia tu ngoma ya mwali wake ikipigwa nyumba nyingine. Shangazi akabaki na mmoja, mtoto wa nyumba kubwa ya mji wa zamani, ambaye alikwisha kumfunda tangu alipovunja ungo na ambaye posa yake ilikuwa imekubaliwa na watu wa Pangani. Huyo alimshika kama roho yake. Alikuwa akisema, "Nikimpeleka huyu mbele ya watu wa Pangani, na huo wimbo wao utachoka." Aliamini hivyo. Nami niliamini.

Idi ile mpiga gitaa alikuja kumtembelea mama yake. Nilimfuata. Nilimkuta peke yake uani, amevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri, anajimiminia juisi ya ukwaju.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Shangazi mzima? Mwambie koti linamsalimia."

"Nimekuja kwa habari ya wimbo."

"Mmeupenda?"

Hakuwa na ubaya usoni. Nilijitahidi kuuona, nikashindwa. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye macho ya mama yake. Nikamweleza: vijiko, wanawali walioondoka, harusi inayokuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka gilasi chini.

"Lakini mimi ni mtani wenu. Nina haki."

"Una haki ya kuja kwake, ukaingia, ukamwambia usoni, naye akakujibu. Wale wanaosikiliza Tanga na Mombasa ni watani wa nani? Yeye atawajibu kwa mdomo gani?"

"Hilo sikulifikiri."

"Na ule ubeti wa kufunda? Mama yako hakuutunga ule."

"Ah, ule." Akajikuna shingo. "Ule si wangu, kweli. Tulikwenda kurekodi, tukauimba, yule fundi akasema wimbo mfupi, upande wa santuri haujajaa. Tuongeze kitu. Mpiga ngoma akaniuliza huyo bibi hufanya kazi gani. Nikamwambia ni somo. Akautunga palepale, wakati wengine wanakunywa maji."

"Mliutia ili ujaze santuri?"

"Ndiyo. Ingebaki kimya mwishoni, ingeonekana mbaya."

Sijui kuandika kilichonipata. Kama angesema walimchukia shangazi, ningejua la kufanya na chuki hiyo. Kama angesema walitaka kumkomoa mtu, ningeuliza ni nani. Kumbe palikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa santuri, wakachukua jina la mtu wakalichomeka, kama unavyoweka kipande cha kuni chini ya mguu wa kitanda kinachoyumba. Nilimwambia aufute.

"Haufutiki, mdogo wangu. Ukishaingia mle umeingia."

"Basi msiupige kwenye madansi."

"Tusipoupiga wanatupigia kelele mpaka tuupige." Kisha, na hapa naapa simwongezei neno, akanitazama kwa matumaini. "Au shangazi hana kisa kingine? Cha kuchekesha kama hiki? Watu wanataka wimbo mpya."

Niliondoka bila kuaga. Aliniita nyuma, akanyanyua gilasi kunionyesha kwamba sijanywa kitu. Alikuwa mkarimu. Hilo nalo nimeliandika.

Harusi ikakaribia. Shangazi alichukua kanga zake bora akazitia udi, akanituma kwa mshonaji na dira lake. Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, mama wa bibi harusi akaja mwenyewe, hakutuma mtu. Nampa heshima kwa hilo. Alikaa mkekani, akauliza hali, akaulizia mpaka kuku. Mwisho akaishiwa maneno ya adabu.

"Dada, mtoto umemfunda na sote tumeona. Hakuna wa kukulipa kwa wema ule ila Mungu."

"Amekuwa msikivu," alisema shangazi.

"Ila usiku wa leo, kumpeleka... tumemwomba mwingine amshike mkono. Wewe pumzika. Sahani yako italetwa hapahapa."

Shangazi alizikunja kanga zenye udi. Yule mama akaanza kulia.

"Si sisi, wallahi. Walipoleta posa, vijana wao walikuwa wakiupiga mluzi uani. Mama mkwe mwenyewe akauliza, hivi somo ndiye yule wa koti? Wewe ungefanyaje? Mwanangu ndiye atakayekaa nao, si wewe wala mimi. Atachekwa maisha yake."

Nimefikiri sana kuhusu mama yule. Nilitaka kumwandika kama mwoga, na mwoga alikuwa. Lakini nikijiweka mahali pake, na binti yangu anapelekwa nyumba ya ugenini, mji mwingine, sijui. Sijui ningefanya nini. Naona vibaya kusema sijui, kwa sababu hasira yangu inataka mtu wa kumshika, na kila ninayemshika ananionyesha mikono yake haina kitu. Mpiga gitaa aliamini ana haki ya mtani. Mpiga ngoma alijaza upande. Mwenye mkahawa aliona ni mchezo. Mama wa bibi harusi alimhurumia binti. Na kazi ya shangazi yangu ikaisha.

Shangazi alimfuta yule mama machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia asisahau kumpa mwali maji ya mdalasini. Akarudi akakaa.

Jua lilikuwa bado kali mtani alipoingia uani. Hakuwa na habari ya lolote. Kapu la mihogo kichwani, akaanza palepale mlangoni:

"We mzee wa koti! Siku ya harusi umekaa kama nguru aliyeoza! Ondoka ukajipambe, au unataka niende nimpeleke mimi yule mtoto nikamfundishe kubeba mizigo?"

Shangazi akainuka.

"Karibu, bibi. Karibu sana. Umeshindaje? Watoto hawajambo? Nyumbani salama?"

Yule bibi alisimama na kapu kichwani. Akacheka kidogo, akingoja.

"Umepagawa, we mvivu? Unaniuliza salama mimi?"

"Salama ni kitu cha kuulizana, bibi. Mwanangu," akanigeukia, "mletee mgeni kiti."

Kiti kile cha kukunja walikikalia kadhi na wageni wa heshima tu. Mtani hajapata kukikalia. Yeye alikaa chini, au juu ya kinu, au popote alipotaka. Nikamletea. Alikitazama, akanitazama mimi. Kapu likateremka polepole. Akakaa ukingoni.

Shangazi akamimina chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua, akakiweka juu ya sahani yake, akampa kwa mikono miwili. Hakumwachia afunue chungu. Alimpakulia mwenyewe, akamwomba radhi kwamba chakula ni haba. Bibi wa watu alikunywa. Kijiko kilikuwa juu ya sahani, naye akakisogeza kando kwa kidole asikigonge kikombe, na hapo ndipo nilipojua kwamba vijiko vya mkahawani alishavisikia, muda mrefu, naye alikuwa amebeba lake kimya.

"Nitukane," akasema. "Hata moja dogo. La mpagazi."

"Siwezi kumtukana mtu na heshima zake."

"Mwanangu ndiye mpumbavu. Kesho namwita, aje akupigie magoti."

"Mwanao hajambo? Mpe salamu zangu."

Mihogo ilikuwa imepoa kwenye kapu. Alimaliza chai yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa kukosa adabu, na sasa walikuwa watu wa adabu. Akaaga vizuri. Shangazi akamwambia asante kwa kututembelea.

Alipokwisha kutoka sikuweza kujizuia. Nilimpandishia shangazi sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Umemwonea! Si yeye aliyeutia ule ubeti. Yeye alikutibu! Unajua si yeye!"

"Najua si yeye."

"Basi kwa nini yeye?"

Alikuwa anakikunja kile kiti.

"Yule mpiga ngoma simjui sura. Pangani siwafikii. Mwanawe yuko Dar es Salaam anacheza dansi. Mwenye kufikika ni yeye peke yake."

Alinipa kiti nikakirudishe ukumbini. Kutoka upande wa mji wa zamani ngoma za kina mama zilikuwa zimeanza, wanamtoa mwali wake, na mkono ulioshika ule mkono mimi sijui ulikuwa wa nani, wala sikutaka kuuliza.